NENO "PAMOJA" LILILOWARUDISHIA WAVUVI WA NEAH BAY BAHARI YAO

Ndugu mfanyakazi, kama umewahi kusimama mbele ya meneja ukiwa na karatasi ya mapatano mkononi, yeye akishikilia kwamba neno fulani lina maana hii, nawe ukijua wazi kwamba wazee wenu waliotia sahihi hawakukusudia hivyo, basi habari hii utaielewa upesi kuliko mwanasheria. Ni habari ya watu wachache wa pwani ya mbali, wavuvi tangu mababu, walioishi zaidi ya miaka mia moja wakinyimwa kile kilichoandikwa kwenye mkataba wao wenyewe. Ugomvi wote ulikuwa juu ya neno moja.

Neah Bay ni kijiji cha jimbo la Washington, kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya Marekani ukiiacha Alaska. Hapo mlango wa bahari wa Juan de Fuca unakutana na bahari kuu ya Pasifiki. Ng'ambo ya pili unaonekana mwambao wa Kanada. Mvua kwa mwaka hufika karibu milimita 2,500, misitu inatiririka maji, na barabara ya kuingia kijijini ni moja tu. Novemba 2021 maporomoko ya udongo yaliifunga na kuwatenga watu.

Wenyeji wa hapo wanaitwa Wamakah. Ni miongoni mwa wenyeji asilia wa Marekani, wale ambao vitabu vyetu vya shule vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu. Jina la Makah walipewa na jirani zao. Wenyewe hujiita Kwih-dich-chuh-ahtx, yaani watu wakaao penye miamba na shakwe. Ndugu zao wa damu na lugha wako ng'ambo, Kanada, kwa sababu mwaka 1846 Uingereza na Marekani walipiga mpaka katikati ya maji bila kumwuliza mvuvi hata mmoja. Mambo haya kwetu Afrika hayahitaji maelezo.

WALIOUZA NCHI KAVU WAKABAKIZA BAHARI

Wamakah hawakuwa maskini. Walikuwa na vijiji vitano vikubwa na nyumba za mbao za mwerezi. Walivua halibuti, samaki bapa alalaye chini ya bahari ambaye akikomaa huweza kumzidi mtu mzima kwa uzito. Walivua samoni wakati samaki hao wanaporudi mitoni kuzaa. Waliwinda sili. Zaidi ya yote, waliwinda nyangumi. Mtumbwi mmoja wa mwerezi ulibeba watu wanane. Mkuu wao alisimama mbele na chusa la mti mzito lenye ncha ya gamba la kome, na kamba yake ilifungwa ngozi za sili zilizojazwa upepo ili mnyama asizame. Nyangumi akiisha kufa, mtu mmoja alijitosa katika maji yale ya baridi kali na kuushona mdomo wake, usije ukajaa maji mzigo ukaenda chini. Halafu kupiga makasia hadi nyumbani, pengine usiku kucha. Mafuta yalikuwa chakula na pia bidhaa. Mapipa kwa mapipa waliwauzia wafanyabiashara wa Kizungu.

Mwaka 1852 na 1853 ndui iliyoletwa na meli iliua watu wengi mno, wakiwamo viongozi. Kabla vilio havijaisha, akaja Gavana Isaac Stevens. Alikuwa mtu wa haraka. Kati ya mwisho wa Desemba 1854 na mwisho wa Januari 1855 alizunguka pwani ile akitia sahihi mkataba baada ya mkataba, na tarehe 31 Januari 1855 ikawa zamu ya Neah Bay. Wamakah walitoa ardhi ipatayo hekta 120,000. Malipo yalikuwa dola 30,000, nazo hazikutolewa kwa mkupuo bali kwa mafungu ya miaka 20: dola 3,000 mwaka wa kwanza, zikizidi kupungua hadi dola 1,000 kwa mwaka.

Lakini wazee wale hawakuwa wajinga. Kumbukumbu za mazungumzo zinaonyesha kwamba wasemaji wao walirudia jambo moja tu: chukueni nchi kavu, bahari ndiyo nchi yetu. Gavana naye akawajibu kwamba serikali haitaki kuwazuia kuvua. Kinyume chake, itawaletea mapipa, masufuria ya kuyeyushia mafuta na nyuzi za kuvulia. Kifungu cha nne cha mkataba kikawahakikishia haki ya kuvua samaki, na ya kuwinda nyangumi na sili, katika mahali pao pa siku zote, "kwa pamoja na raia wote" wa Marekani. Katika mikataba yote ambayo Marekani ilifunga na wenyeji, huu peke yake ndio unaotaja nyangumi.

Neno hilo la "pamoja" liliwafikiaje? Mazungumzo ya mikataba ile yalipitia lugha ya Chinook, lugha ya sokoni yenye maneno mia chache tu, nzuri kwa kubadilishana ngozi na blanketi. Mtu anayejua Kiswahili cha bandarini peke yake anaweza kununua nazi, lakini hawezi kugawana bahari. Hata hivyo ndivyo ilivyofanyika, na karatasi ikaandikwa kwa Kiingereza.

Basi mapipa hayakuja kama yalivyoahidiwa. Serikali ilileta majembe. Maofisa waliotumwa kuwasimamia walitaka kuwafanya wakulima, kwenye ardhi ya miamba, kinamasi na mvua isiyokoma! Wamakah waliendelea na bahari. Katika miaka ya 1880 baadhi yao walinunua merikebu zao za matanga za kuwindia sili, wakapata fedha nyingi, mpaka mwaka 1897 sheria ikapiga marufuku kwa Wamarekani uwindaji wa sili katika bahari kuu. Nyangumi nao walimalizwa na meli za makampuni ya mataifa mengine na ya Marekani yenyewe. Kufikia miaka ya 1920 Wamakah waliacha wenyewe kuwawinda kwa sababu walikuwa wamebaki wachache mno.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Karamu zao za kugawa mali, ambazo ndizo zilizotangaza majina, urithi na ndoa, zilikatazwa na maofisa. Walichofanya ni kuvuka kwa mitumbwi mpaka kisiwa cha Tatoosh, mbali na macho ya bwana ofisa, wakazifanya huko. Watoto waliadhibiwa shuleni kwa kusema lugha ya mama. Kijiji cha tano, Ozette, kilikufa polepole mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa sababu shule ilikuwa Neah Bay na wazazi waliamriwa wawapeleke watoto huko. Familia zikahama moja baada ya nyingine, nyumba zikabaki na upepo.

KUVUA KWAO KUKAITWA WIZI

Wakati huo serikali ya jimbo la Washington ilikuwa imeanza kutunga sheria zake za uvuvi: leseni, misimu, aina za nyavu. Jimbo lilisema hivi: mkataba umesema "kwa pamoja na raia wote", kwa hiyo ninyi ni kama raia yeyote, raia yeyote akikatazwa, nanyi mmekatazwa. Wenyeji wakasema: tulikubali kuwakaribisha ninyi mvue pamoja nasi, hatukuomba ruhusa yenu. Angalia tofauti hiyo vizuri. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya kabila jingine, ilikwisha kusema kwamba mikataba hii haikuwapa wenyeji haki. Wao ndio waliotoa haki kwa wageni na kujibakizia nyingine. Lakini hukumu iliyo Washington mji mkuu ni kitu kimoja, na askari wa samaki aliye ukingoni mwa mto ni kitu kingine.

Wamakah walikwenda mahakamani kwa ajili ya mto Hoko, na mwaka 1951 mahakama ya rufani ikawapa ushindi juu ya amri za jimbo. Kusini yao hali ilikuwa ya vita. Kwenye mto Nisqually kijana mmoja aitwaye Billy Frank alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka 14, kwa kosa la kutega wavu mtoni kwao. Alikamatwa zaidi ya mara 50 maishani mwake. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake waliamua kuvua hadharani, mchana kweupe, kwa makusudi ya kukamatwa. Waandishi wa magazeti wakaja. Mitumbwi ilipinduliwa, nyavu zilichukuliwa, wanawake waliburutwa ukingoni. Septemba 1970 polisi walivamia kambi ya wavuvi kwenye mto Puyallup kwa virungu na moshi wa kutoa machozi, wakakamata watu wapatao 60. Mwezi huohuo serikali kuu, iliyokuwa mdhamini wa mikataba, ikaishitaki serikali ya jimbo. Makabila 14 yakaingia katika kesi hiyo, Wamakah wakiwamo.

Jaji alikuwa George Boldt, mzee mwenye siasa za kihafidhina aliyeogopewa na wengi. Hakuna aliyemtazamia kuwa rafiki wa mvuvi mnyonge. Alisikiliza wazee, alisikiliza wataalamu, akasoma kumbukumbu za mwaka 1855, na tarehe 12 Februari 1974 akatoa hukumu. Mkataba, alisema, usomwe jinsi wenyeji walivyouelewa siku ile. Na "kwa pamoja" maana yake ni kugawana sawa kwa sawa: nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa bila kuharibu mbegu ni ya makabila yenye mkataba, nusu ni ya wengine wote. Tena makabila yatakuwa na sauti katika kusimamia uvuvi, si kupokea amri tu. Kabla ya siku hiyo wenyeji walikuwa wakipata kiasi cha asilimia 5 ya samoni.

Hapa, ndugu, tusome taratibu, kwa sababu linatuhusu sisi wa viwandani na mashambani kuliko sehemu nyingine yoyote. Siku ya pili yake wavuvi Wazungu walijaa hasira. Walichoma sanamu ya jaji. Wengi walikwenda kuvua usiku kinyume cha amri, na kulikuwa na risasi. Lakini wale hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa mashua ndogo, wenye mikopo ya benki shingoni, ambao jimbo lilikuwa limewauzia leseni bila kipimo mpaka mashua zikazidi samaki. Samaki wenyewe walikuwa wamekwisha kupungua kwa sababu makampuni ya magogo yalijaza mito udongo, na mabwawa ya umeme yalifunga njia zao za kwenda kuzaa. Kwenye mto Elwha, si mbali na Neah Bay, mabwawa mawili yalijengwa mwaka 1913 na 1927 bila hata ngazi ya kupitishia samoni. Mvuvi mmoja maskini akamtazama mwenzake maskini kuwa ndiye mwizi, na mwenye bwawa hakutajwa. Tumeyaona haya kwenye mashamba yetu, kibarua wa msimu akigombanishwa na mwajiriwa wa kudumu.

Jimbo lenyewe lilikataa kutii. Mahakama zake zilizuia idara ya uvuvi kutekeleza hukumu, hata ikabidi mahakama ya serikali kuu ichukue yenyewe usimamizi wa uvuvi. Tarehe 2 Julai 1979 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji sita dhidi ya watatu, ilithibitisha sehemu kubwa ya hukumu ya Boldt. Mwaka 1980 Bunge lilipitisha sheria iliyotoa fedha za kununua leseni na mashua kwa wale waliotaka kuacha kazi hiyo. Fedha hizo zingetangulia, huenda damu isingechemka kiasi kile. Lakini ndivyo serikali zilivyo, mfuko hufunguliwa baada ya nyumba kuungua.

TOPE LILILOTUNZA MALI

Wakati kesi hiyo ikiandaliwa, jambo jingine lilitokea ambalo hakuna mwanasheria angelipanga. Katika majira ya baridi ya mwaka 1970 tufani ilikula ufuko pale Ozette, kile kijiji kilichoachwa. Mbao za nyumba za kale zikaanza kuchungulia. Watu wa kupita wakaanza kuokota vitu. Mwenyekiti wa baraza la Wamakah, Ed Claplanhoo, akampigia simu mwalimu wake wa zamani, Richard Daugherty wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, mtaalamu wa mambo ya kale, amwombe aje haraka.

Walichokuta ni nyumba zilizofunikwa na maporomoko ya tope karne kadhaa nyuma, kabla Mzungu hajakanyaga. Tope lile la maji liliizuia hewa, na pasipo hewa mti hauozi. Walichimba kwa miaka 11. Hawakutumia sululu, kwa maana mti ulikuwa laini kama mkate uliolowa. Walisafisha tope kwa mipira ya maji, polepole. Walipata vitu zaidi ya 55,000: ndoana za halibuti, vikapu, vitanda vya kufumia, nyavu, masanduku, makasia, machusa, na sanamu ya pezi la nyangumi lililopambwa kwa meno zaidi ya 700 ya fisi maji wa baharini.

Vijana wa Kimakah waliajiriwa kuchimba na kusafisha. Mara nyingi mtaalamu alishika kitu asijue ni nini, akaitwa mzee, naye akasema: hiki ni cha kazi fulani, babu yangu alikuwa nacho. Na tangu mwanzo baraza lilitoa sharti ambalo mimi naliona kuwa kubwa kuliko hazina yenyewe: hakuna kitu kitakachoondoka kwenda kukaa kwenye majumba ya miji mikubwa. Chuo kikuu kilikubali. Nyumba ya makumbusho ilifunguliwa Neah Bay mwaka 1979, mwaka uleule wa hukumu ya Mahakama Kuu, na ndani yake imejengwa nyumba ndefu kama zile za Ozette, yenye harufu ya mwerezi na samaki mkavu. Nchi ngapi za Afrika zingali zinabembeleza vinyago vyao virudi kutoka Ulaya hadi leo?

Katika makumbusho hiyohiyo ndimo kazi ya lugha ilimoanzia. Mwaka 1978 walichagua alfabeti ya kuiandika Kimakah, wakaanza kurekodi wazee na kufundisha shuleni. Hapa ushindi haukuwa kamili. Mwaka 2002 alifariki mama mmoja mwenye umri wa miaka 100, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho ambaye Kimakah kilikuwa lugha yake ya kwanza tangu utotoni. Walioko leo wanaoisema wamejifunza ukubwani au shuleni kutoka kwa walimu wa namna hiyo. Mahakama iliweza kurudisha nusu ya samaki. Lugha iliyopigwa viboko mdomoni mwa mtoto haikuwa na hukumu ya kuirudisha.

MKATE WA SIKU HIZI

Je, nusu ya samaki ilibadili nini mezani? Hukumu ya mwaka 1974 ilihusu samoni. Baadaye haki hiyohiyo ikatambuliwa kwa halibuti, na tangu mwaka 1996 Wamakah wametengewa fungu lao la waitingi, samaki mdogo wa bahari kuu avuliwaye kwa nyavu za kukokota. Mashua nyingi ni mali ya watu binafsi au familia, lakini haki ya kuvua ni ya kabila zima. Mtu hawezi kuiuza kwa kampuni. Idara ya uvuvi ya kabila inapanga misimu, ina wataalamu wake wa kuhesabu samaki, na ina askari wake wa doria. Kila mwaka kabla ya msimu makabila na idara ya jimbo hukaa meza moja kuhesabu ni samaki wangapi watarudi na nani atapata wangapi. Wale waliokamatana ukingoni sasa wanabishana juu ya tarakimu. Makabila 20 ya magharibi ya jimbo yana tume yao ya pamoja, na Billy Frank aliiongoza kwa miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 2014.

Mwaka huohuo wa 2014 Bunge la jimbo la Washington lilipitisha sheria ya kuruhusu waliotiwa hatiani zamani kwa kuvua katika haki ya mkataba waombe makosa yao yafutwe. Kwa wengi waliokwisha kuzikwa, maombi yanaweza kuletwa na jamaa zao.

Lakini haki ya nusu ya samaki haina maana kama hakuna samaki, na ndiko mapambano yalikohamia. Mwaka 1991 meli ya Kijapani ya kusindika samaki, Tenyo Maru, iligongana na meli ya mizigo nje ya rasi Flattery ikazama, na mafuta yakapaka fukwe za Wamakah na kuua ndege wa baharini kwa maelfu. Tangu mwaka 1999 meli ya kuvuta imewekwa Neah Bay kuzisaidia meli zinazopotewa na injini, na tangu 2010 gharama yake inabebwa na wenye meli. Mabwawa mawili ya Elwha yalibomolewa kati ya 2011 na 2014, kabila jirani la Klallam likiwa mstari wa mbele kudai. Kisha ikaja kesi ya makalavati. Yale mabomba yapitishayo mito chini ya barabara za jimbo yalikuwa yamewekwa juu mno au membamba mno, samoni anafika hapo na kugonga ukuta. Makabila yakasema: mlituahidi samaki, halafu mkafunga mlango wa mto. Juni 2018 majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika wanne kwa wanne, na kwa hiyo amri ya mahakama ya chini ikabaki: jimbo lirekebishe. Hesabu yake ni ya mabilioni ya dola.

Nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Neah Bay si paradiso. Kazi ya bahari ni ya msimu, na wakati wa tufani za baridi mifuko hukauka. Miaka ya 2014 hadi 2016 maji ya Pasifiki yalipata joto lisilo la kawaida, samoni wakaja wachache, na misimu ikakatwa vibaya. Wakati wa ugonjwa wa korona kabila lilifunga mlango kwa wageni kwa karibu miaka miwili, toka Machi 2020. Lililinda wazee wake, lakini wenye vyumba vya kulala wageni na maduka walikosa chakula cha utalii. Walisema wazee ni wachache na watalii ni wengi. Hesabu hiyo naiona ya haki.

NYANGUMI

Limebaki lile lililoandikwa katika mkataba wao peke yao. Nyangumi wa kijivu waliokaribia kwisha waliongezeka mpaka serikali ikawatoa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini mwaka 1994. Wamakah wakasema: tuliacha wenyewe walipopungua, sasa tunataka kuanza tena. Vijana walifanya mazoezi ya makasia na ya moyo, kwa saumu na kuoga maji ya baridi kama mababu. Tarehe 17 Mei 1999, mbele ya kamera za televisheni na boti za wapinzani, mtumbwi wao ulimchoma nyangumi kwa chusa, kisha akamaliziwa kwa bunduki kubwa ili asiteseke. Alikuwa wa kwanza kwa miaka kama 70. Nyama iligawanywa nyumba kwa nyumba, na watu wa makabila mengine walialikwa karamuni. Mifupa yake iliunganishwa na wanafunzi wa shule ya sekondari ya kijiji, nayo imetundikwa makumbusho.

Matusi na vitisho vilivyofuata kutoka kwa wapenda wanyama vilikuwa vingi. Mimi si mtaalamu wa nyangumi, na mtu aweza kuwahurumia kwa moyo safi. Lakini waliowamaliza nyangumi karne zilizopita walikuwa wenye viwanda vya mafuta, na ni jambo la kushangaza kuona bili ikipelekwa kwa watu wa mtumbwi mmoja. Mahakama ilisema kwamba, mkataba uwe mkataba, lazima wapate kwanza msamaha chini ya sheria ya kulinda wanyama wa baharini ya mwaka 1972. Waliomba msamaha huo Februari 2005. Mwaka 2007 wanaume watano walichoka kungoja wakaua nyangumi bila ruhusa. Baraza la kabila lenyewe liliwakemea, na walishitakiwa.

Wengine waliendelea kungoja. Ripoti baada ya ripoti, vikao baada ya vikao. Juni 2024 serikali kuu ilitoa msamaha: nyangumi wasiozidi 25 katika miaka 10, kwa masharti mengi ya majira na mahali, na hata hapo kibali chenyewe cha kutoka kwenda baharini kilipaswa kuombwa upya. Tangu maombi ya kwanza ilikuwa imepita miaka 19, na katikati yake, kuanzia 2019, nyangumi wengi wa kijivu walikufa kwa kukosa chakula kaskazini, idadi yao ikashuka tena. Baadhi ya vijana waliopiga kasia mwaka 1999 sasa wana mvi, na wana wao hawajawahi kukaa katika mtumbwi wa nyangumi, ila wamewafundisha nyimbo za kazi hiyo.